Tai Shingoni, Swali Mfukoni

Jumatatu, 9 Machi 1987. Malindi.

Nimefika. Chumba kizuri. Feni inazunguka kwa uvivu, chandarua hakina tundu. Kando ya dirisha kuna kioo kikubwa. Nimekigeuza kitazame ukuta. Mwanga wake unaniumiza macho.

Warsha ni ya wiki nzima. Tumeitwa wahudumu wa afya kutoka Malindi, Kilifi, Rabai mpaka Mtwapa, kila mmoja na wazo la utafiti kuhusu saratani na moyo wa mtu. Si moyo unaopiga. Moyo unaoogopa. Daktari Mwambire, anayetuongoza, alisema hospitali zinajua kuuona uvimbe ila hazijui kumwona mwenye uvimbe: anawaza nini, anamficha nani, analala vipi. Alisema elimu hii ni changa hata huko ng'ambo, na sisi hatuna sababu ya kungoja iletwe na meli. Nikapiga makofi kuliko wote.

Wazo litakaloshinda litapewa mwaka mmoja wa kazi, taipureta na pikipiki. Pikipiki! Nyekundu! Imeegeshwa barazani makusudi tuipite kila tukienda kula. Mimi Gerishom Thuku, tabibu wa zahanati huko Tezo (watu huniita daktari, nami siwakatazi), nimekanyaga baiskeli kwenye mchanga ule mpaka magoti yanalia. Pikipiki hii ni yangu. Basi tu haijajua.

Nina wazo kubwa. Linaitwa Mizani ya Huzuni. Maswali sabini. Mgonjwa anajibu, unajumlisha, unapata huzuni yake kwa tarakimu. Nani atashindana na tarakimu?

Joto la leo si la kusimulia. Kila mtu amefungua vifungo vya kola, mimi nimevaa tai. Menza, mwalimu wa afya kutoka Rabai, mtu mwenye mdomo, aliuliza kama nimekuja warsha au nimekuja kuposa. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikamjibu kwamba utafiti una heshima zake.

Ukweli ni huu, na shajara haina masikio. Upande wa kushoto wa shingo nina kivimbe. Kidogo. Ukubwa wa korosho. Hakiumi. Jedida, mke wangu, alikiona kabla ya Krismasi akasema niende Mombasa kikapimwe. Nikamwambia baada ya Krismasi. Kisha baada ya shule kufunguliwa. Kisha baada ya korosho kuvunwa. Sasa baada ya warsha. Kila sababu ilikuwa nzuri kwa wakati wake. Safari hii amepanga siku mwenyewe bila kuniuliza: Jumatatu ijayo. Tutaona.

Jumanne, 10 Machi.

Balaa! Daktari Mwambire ametoa sheria. Hakuna atakayetetea wazo lake mwenyewe. Tutakaa wawili wawili. Alhamisi nitasimama kutetea la mwenzangu, naye atasimama kutetea langu. Anasema mtu hulichunguza wazo la mwenzake, bali la kwake hulibembeleza tu. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi jasho likanitoka. Mizani yangu mikononi mwa mtu baki? Si ataondoka nayo!

Majina yakatiwa kwenye kofia ili kila mtu aokote mwenzake. Nikaikunja karatasi yangu hata ikawa punje, ijifiche chini, itoke mwisho, nami niachiwe mtu mpole asiyependa makuu. Ikatoka ya kwanza! Ilinasa chini ya ukucha wa Sista Nyakio.

Sista Nyakio ni muuguzi huko Kilifi. Mtu wa bara kama mimi, na anaimba kwaya moja na Jedida. Umbo dogo, macho makali. Wagonjwa wake humeza dawa kabla hajasema. Nikajua hapa pana hatari.

Lakini Thuku si mtu wa kulala doro. Nilipata hila kabla chai haijapoa. Nitampa wazo bovu! Ahangaike nalo Alhamisi, sauti imkauke, na mimi Mizani niipeleke kimya kimya kwa Daktari Mwambire mwenyewe. Akili hizi sijui nilirithi kwa nani.

Tukakaa barazani, pikipiki mbele yetu. Akaniuliza wazo langu ni lipi. Lo, sikuwa nimeandaa bovu lolote! Nikasema lililonijia mdomoni: kwa nini mtu mwenye uvimbe huchelewa kwenda hospitali, hata akijua kwamba haifai kuchelewa.

Akafungua daftari. Kisha akauliza, hata kama ni mtu wa hospitali? Nikamwambia hao ndio wabaya kabisa. Akauliza huwa wanajiambia nini. Nikamtajia: Krismasi, shule, korosho. Nikabuni hapo hapo, maneno yakashuka yenyewe bila kutafutwa. Akaandika lote. Akauliza kama wake zao wanajua. Nikasema wake hujua kabla ya mtu mwenyewe. Akaandika na hilo. Maskini wa Mungu! Amejitwisha gunia la makapi akidhani ni mchele.

La kwake: habari ya ugonjwa hupita mikononi mwa nani nyumbani, na nani hufichwa. Anasema katika nyumba nyingi za huku mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa. Watoto wanajua, jirani anajua, mwenye duka anajua, mgonjwa anaambiwa ni upepo mbaya. Si wazo baya. Nitalisoma taratibu, sauti ya chini, lisije likashinda.

Jumatano, 11 Machi.

Menza amekuja na tai! Na wengine wawili! Kumbe amevumisha kwamba nimenong'onezwa na wakubwa, eti mwenye tai ataongezewa. Mmoja wao amejifunga tai ya sare ya shule ya mwanawe, inaishia kifuani. Daktari Mwambire alituangalia kwa huruma akatusihi tuzivue kabla hajatubeba kwa machela. Wote wakavua. Mimi nikasema nina mafua ya shingo. Hakuna ugonjwa wa namna hiyo, na mimi ni tabibu! Watu wakacheka. Sista Nyakio hakucheka.

Baadaye tukapelekwa hospitalini kuzungumza na wagonjwa waliotukubalia. Nilibeba Mizani ndani ya koti. Nafasi ya dhahabu! Nikapewa Mama Mbeyu, mkulima kutoka Junju, anayekaa kwa binti yake hapa Malindi wakati wa matibabu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikakunjua karatasi. Haraka ya nini! Kwanza aliuliza hali yangu. Kisha ya mke, ya watoto, ya mahindi, ya mvua ya Tezo. Akauliza kama mama yu hai. Yu hai. Na baba? Nikamwambia alifariki zamani. Akanipa pole kama vile tumemzika jana. Nilijisikia vibaya kwa kuwa na kalamu mkononi.

Swali la kwanza la Mizani: juma lililopita umefurahi: kamwe, kidogo, wastani au sana? Akauliza siku gani. Nikamwambia juma zima kwa jumla. Akasema basi tuanze Jumanne. Jumanne mjukuu wake alisimama peke yake kwa mara ya kwanza, akafurahi mpaka machozi yakamtoka. Kisha, akiwa bado anapiga vigelegele, akakumbuka kwamba huenda asimwone akikimbia. Akaniuliza hiyo niandike wapi. Nikatazama karatasi. Hapakuwa na mahali. Nikapiga alama kwenye wastani, nikaona haya, nikafuta.

Swali la tatu hatukulifikia. Mama Mbeyu alinikazia macho, akauliza tai ya nini katika jua hili. Nikasema heshima ya kazi. Akasema yeye alianza na leso.

Leso aliizungusha shingoni, upande huu huu wangu. Watu wakadhani ni pambo. Mumewe akamsifu, akamnunulia nyingine. Akakaa nayo hivyo mpaka mahindi yakavunwa, yakapandwa tena, yakavunwa tena. Nikamuuliza kwa nini hakuja mapema. Akasema alidhani asipoitazama ile nundu chini ya leso itachoka, iende zake. Haikuchoka. Akaniambia, mwanangu, wanasema ningekuja ikingali ndogo wangeitoa na mambo yakaisha. Sasa tunavutana nayo.

Nikamwambia tai yangu ni tai tu. Akasema haya.

Kurudi hotelini namkuta Jedida! Ametoka Tezo na mashati mawili safi, ameyapiga pasi hata mikunjo yake inakata. Nilifurahi, kisha nikamwona anazungumza na Sista Nyakio langoni, vichwa vimekaribiana. Mazungumzo marefu. Jedida alishika shingo yake mwenyewe kwa mkono. Nyakio akamshika bega. Ala! Huyu muuguzi anamchimba mke wangu apate siri ya Mizani! Nikakimbia kuwatenganisha. Nyakio akasema walikuwa wanaongea mambo ya kwaya. Kwaya gani ya kushikana shingo?

Jedida aliniaga kwa kusema, Baba Njoroge, Jumatatu. Hilo tu. Nikamwambia nimesikia, Mama Njoroge. Macho yake yalikuwa mekundu. Vumbi la barabara.

Alhamisi, 12 Machi.

Nimenyoa kwa kupapasa, kioo kingali kinatazama ukuta. Nimejikata mara mbili.

Naogopa. Haya, nimeliandika. Neno hilo naliandika mara hii moja na sitalirudia. Baba alikuwa na kitu shingoni. Huko kwetu bara, nikiwa shuleni. Alikifunga kwa skafu ya sufu, akasema ni baridi ya mlimani. Wajomba walijua ni nini. Mimi nilijua, nilisikia jikoni. Yeye hakuambiwa. Alipanda viazi ambavyo hakuvila. Yatosha. Leo ni siku ya kazi.

Nilianza mimi. Mpango: sauti ya chini, uso wa usingizi, wazo la Nyakio life taratibu bila mtu kunilaumu. Nikaanza vizuri sana. Menza akapiga miayo, nikatiwa moyo. Kisha nikafika pale anaposema mgonjwa ni wa mwisho kuambiwa, na watoto wa nyumba hubeba habari hiyo bila mahali pa kuitua. Nikasoma sentensi hiyo. Nikajaribu kuendelea. Nikarudi mwanzo wa sentensi ile ile. Nikasimama mbele ya watu na karatasi mkononi, nikawaza viazi. Nikasema tu, kuna watoto wanakula chakula na mzee wao wakijua, naye anawauliza habari za shule. Nikakaa.

Halafu makofi! Makofi ya nguvu! Menza mwenyewe ananipigia! Nimeharibu kila kitu. Nimemsaidia adui kwa bidii kuliko nilivyowahi kujisaidia.

Akasimama Sista Nyakio na makapi yangu. Hakusoma karatasi. Alisema yuko mtu, ni mhudumu wa afya, amewatuma wenzake wengi Mombasa kupimwa na akawagombeza waliochelewa. Naye ana uvimbe. Akajiambia Krismasi. Krismasi ikapita. Akajiambia shule. Akajiambia korosho. Mtu huyu si mjinga, akasema, wala hana dharau na hospitali. Anaijua hospitali, ndiyo maana anaogopa. Swali letu si kwa nini watu hawajui. Swali letu ni mtu anayejua anahitaji nini ili avuke mlango. Anahitaji nani amshike mkono. Akasema aliyempa wazo hili analijua kwa ndani, na yeye anamshukuru, na anamwomba asichelewe nalo.

Alikuwa analia akisema. Ni utetezi mzuri, na umekaa vizuri, ila kulia kwa ajili ya pikipiki naona ni kupita mpaka.

Na Menza! Mtu wa mzaha! Aliinuka akasema mama yake alingoja arusi ya binti ipite, ikapita, akangoja mjukuu azaliwe, akazaliwa. Halafu akashindwa kumaliza. Akaenda nje kusimama karibu na ile pikipiki. Nikamfuata. Alinipa sigara nikasahau kwamba sivuti.

Ijumaa, 13 Machi.

Sasa nalitaka wazo langu bovu lishinde. Nimeona nyuso za watu jana. Kumbe nilikuwa na mali! Hata hivyo mwenye busara hutega pande mbili, kwa hiyo asubuhi nikamfuata Daktari Mwambire kwenye chai na Mizani. Aliisoma yote, mandazi yakapoa. Akasema imefanyiwa kazi. Akasema kabla ya kumpa mgonjwa, mwenye mizani ajipime mwenyewe, akanipa kalamu yake.

Nilikwenda vizuri mpaka nusu. Kisha swali: je, kuna jambo unaloliogopa na hujamwambia mtu? Swali nililitunga mimi! Nikapiga alama kwenye kamwe. Daktari Mwambire akaitazama alama, akanitazama mimi, akatazama tai. Akasema ataiweka Mizani mahali pazuri. Sidhani kwamba ni mahali pazuri.

Kura. Hapa kwetu hatupigi kwa karatasi. Kila wazo limewekewa bakuli lenye jina juu ya meza, na kila mtu amepewa korosho moja, ile mbichi yenye ganda, anapita peke yake ukumbini na kuiacha kwenye bakuli analolitaka, ila si la kwake. Habari ya kura za korosho tuliisikia jana, nami nilikwisha kujipanga. Jana jioni nilinunua pakiti ya korosho barabarani. Zamu yangu ilipofika nikatumbukiza kura yangu halali kwa Sista Nyakio, kwa heshima, kisha pakiti nzima ya mfukoni nikaimimina kwenye bakuli langu. Nikatoka nikipiga mluzi.

Salaala! Za mfukoni zilikuwa zimekaangwa! Zimemenywa, nyeupe, na chumvi juu! Daktari Mwambire akainamisha bakuli langu mbele ya watu wote. Korosho za ganda huku, za chumvi kule. Akasema inaonekana mtu amesahau kitafunio chake. Akaila moja. Akazungusha nyingine, kila mtu akachukua. Menza alikula akinitazama, akasema kura hii ni tamu.

Na kumbe sikuhitaji! Zile za ganda zilipohesabiwa, bakuli langu lilikuwa limejaa kuliko yote. Nimeshinda! Wazo la kupotezea! Wazo la barazani! Sista Nyakio amekuwa wa pili kwa wazo lake, naye ameshangilia kama aliyeshinda yeye. Sijapata kuona mtu anayepokea kushindwa vibaya namna hiyo.

Naandika na jambo moja dogo. Nikingoja zamu yangu nilikuwa naichezea ile korosho ya ganda mkononi. Jumatatu niliandika ukubwa wa korosho. Nilikuwa nimewaza ya kukaanga. Nikapeleka mkono shingoni, ndani ya kola, kulinganisha. Nikautoa mkono. Nikaingia kupiga kura.

Baada ya sherehe Sista Nyakio akasoma mpango wa kazi, kwa kuwa mwenza ndiye anayeuandika. Mtafiti ataanza Jumatatu, Mombasa, kliniki ya uvimbe. Na kabla hajamuuliza mtu yeyote swali lolote, atapita yeye mwenyewe njia yote ya mgonjwa: benchi, kadi, daktari, sindano ya kupimia. Apite kama wanavyopita. Daktari Mwambire akasema hajasikia mpango safi kama huo. Nikasimama nikasema kwa sauti kubwa kwamba mtafiti asiyekalia benchi haijui kliniki. Makofi! Nyakio akanyanyua kichwa, akauliza kama nimekubali mbele ya wote. Nikasema mbele ya wote na mbele ya pikipiki.

Jumamosi, 14 Machi. Tezo.

Nimerudi nyumbani na pikipiki. Nimeanguka mara moja, karibu na shamba la mihogo, hakuna aliyeniona ila mbuzi.

Jedida alitoka mlangoni, akaitazama pikipiki, akasema ni nzuri. Kisha akasema Jumatatu. Nikamwambia bahati mbaya, Mama Njoroge, Jumatatu naanza utafiti mkubwa, ile ya kupimwa itabidi ingoje, labda mvua za masika zikipita. Nilitegemea vita. Hakupigana. Akauliza utafiti wenyewe unaanzia wapi. Nikasema Mombasa. Akauliza kliniki gani. Nikamwambia. Akasema vyema, atanisindikiza, hajawahi kuona mume wake akifanya utafiti. Nikaona fahari.

Wakati wa kula aliniuliza, polepole, kama ninakumbuka baba yangu alivyokuwa. Nikasema nakumbuka. Akasema yeye hakumjua, ila amemjua kwa namna ninavyonyamaza. Halafu akaninyooshea mkono, akalegeza tai kidogo, na mimi nikamshika mkono kabla haujafika mahali pale. Tukakaa hivyo. Watoto walikuwa wanagombana nje kuhusu nani akalie kiti cha nyuma.

Ameniambia wazi kwamba anaogopa. Amesema haogopi Mombasa, anaogopa kuniandalia chai mwakani na kikombe kikabaki. Nilitaka kumjibu jambo la maana. Nikamwambia pikipiki ina taa mbili.

Jioni nilitembea mpaka dukani kununua tai nyingine. Ya kijani, pana zaidi. Ile ya zamani imeanza kunibana. Chakula cha hoteli kinanenepesha shingo.

Jumatatu, 16 Machi. Mombasa.

Benchi. Naandika nikiwa nimekaa juu yake. Ni refu, limeng'aa katikati kwa kukaliwa. Upande wangu wa kulia yuko mzee amefunga kilemba chini ya kidevu, anasema ni meno. Mbele yetu yuko dada na leso shingoni. Nimewatazama wote kwa jicho la kitaalamu. Jinsi watu wanavyojificha inasikitisha sana. Tai yangu mpya imependeza.

Sista Nyakio amekuja! Amechukua ruhusa kazini, eti kuangalia utafiti unavyoanza. Amekaa mwisho wa benchi. Jedida amekaa kushoto kwangu. Nimewekwa katikati kama mzigo usioaminika kwenye boti. Nimegundua pia kwamba kadi yangu iliandikishwa kabla ya warsha, kwa mkono wa Jedida. Nimemwonyesha Nyakio kosa hilo. Amesema litarekebishwa.

Tumekaa. Feni hakuna. Yule mzee wa meno ameniuliza mimi nasumbuliwa na nini. Nikamweleza kwamba mimi si mgonjwa, ni mtafiti, ninachunguza kwa nini watu wenye uvimbe huchelewa. Akasema ni kazi nzuri. Akauliza nimegundua nini. Nikamwambia mambo mawili makubwa: kwanza watu hujidanganya, pili hawajui kwamba wanajidanganya. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nami nikatikisa changu, kadiri kola ilivyoruhusu.

Wameita jina langu. Mlango umefunguka, muuguzi anaangalia huku na huku. Nimemwambia waanze na huyu mzee, anaumwa meno, mimi nina muda. Mzee amesema yeye hana haraka, niende mimi. Nimemwambia aende yeye. Dada wa leso ameanza kucheka, kisha ameacha, akatazama chini.

Wameita tena. Jedida ameshika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake yote miwili na haniachii. Viganja vyake vimelowa. Nyakio ameinuka, amesimama nyuma yangu. Wa kulia ndio ulio huru, ndio ninaoandikia. Sababu ya kuchelewa ya leo nimeshaipata, na ni nzuri kuliko zote, nitaiandika nikipata nafasi. Nimemwambia Jedida kwamba sawa, nitaingia, ila naingia kama mtafiti tu, na tai sitavua.